Stenti ya shingo ilimvuruga mume wangu maneno. Sasa ndugu wanataka upande wa pili

BARUA

Dada Mshauri,

Assalaam alaykum. Naomba jina langu usilitaje, wala mtaa ninaokaa. Tanga ni mji mdogo na habari zetu zimeshasemwa vya kutosha mabarazani.

Mume wangu ana miaka 68. Alikuwa karani bandarini, akastaafu, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Ni mtu wa hesabu. Fundi akichukua bati na misumari kwa mkopo, yeye hakuandika popote, na mwisho wa mwezi alimtajia deni lake lote bila kukosea. Presha anayo miaka mingi, na sigara aliacha ukubwani.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, alirudi kutoka msikitini akaniambia giza limemshukia kwenye jicho la kushoto, limeanzia juu mpaka limefunika jicho zima. Kabla sijamaliza kutafuta dawa ya macho, likafunguka. Wiki iliyofuata, akiwa dukani, mteja alimwuliza bei ya komeo. Akafungua mdomo, maneno hayakutoka, na kikombe cha kahawa kikamponyoka mkono wa kulia. Baada ya kama robo saa akawa mzima, akacheka, akataka kuendelea na biashara. Binti yetu mkubwa ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali.

Wakampima kichwa na shingo. Tukaambiwa mshipa mkubwa wa shingo upande wa kushoto, ule unaopeleka damu kwenye ubongo, umeziba kwa asilimia 90, na wa kulia kwa asilimia 70. Kilichompata dukani kilikuwa kiharusi cha kupita, na kikubwa kingeweza kufuata. Ndugu wakachanga. Shemeji yangu, kaka yake mume wangu anayeishi Muscat, ndiye aliyebeba sehemu kubwa, tukaenda India. Huko wakasema moyo wake hauko vizuri kwa upasuaji wa nusu kaputi, afadhali stenti, yaani kijibomba cha waya kinachowekwa ndani ya mshipa ili ubaki wazi. Waliingilia kwenye kinena, wakapandisha mrija mwembamba hadi shingoni, naye akiwa macho. Kesho yake alikula wali, akampigia kaka yake simu, akasema, "Nimepona." Wakaturuhusu turudi nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali.

Siku ya nne kichwa kilianza kumuuma juu ya jicho la kushoto. Akatapika. Nilipopiga simu niliambiwa ni uchovu, apumzike. Usiku akakakamaa, macho yakageuka, mwili mzima ukatetemeka. Tulipofika hospitali presha ilikuwa imepita 200. Picha ikaonyesha ubongo umevimba upande wa kushoto na damu imevuja. Daktari mmoja aliniambia, "Stenti iko wazi kabisa. Tatizo ni kwamba ubongo umepata damu nyingi kuliko ulivyozoea." Kauli hiyo haijanitoka mpaka leo. Tulihangaika aipate damu, na damu hiyo hiyo ndiyo iliyomuumiza.

Sasa ni miezi saba. Anatembea, anakula mwenyewe, chooni anakwenda mwenyewe. Lakini maneno yamevurugika. Akitaka maji anasema "funguo", na nikimletea funguo anapiga meza kwa hasira. Mjukuu wetu anamwita kwa jina la marehemu mama yake. Nikimpa noti ya elfu kumi na ya elfu mbili anaziangalia muda mrefu, halafu ananirudishia zote. Harusi ikipita barabarani na tarumbeta, analia. Alikuwa mtu mpole. Wiki iliyopita alimrushia binti yetu bakuli la uji.

Cha ajabu ni kwamba ikifika sala anasoma Alhamdu na Yasini bila kukosea hata herufi. Wifi yangu ameliona hilo. Anasema ugonjwa wa hospitali hauwezi kubagua maneno, huu ni mkono wa mtu, apelekwe kwa mtaalamu. Tena anasema mimi niliyemvukisha bahari ndiye niliyempeleka kuharibiwa.

Na dawa nazo zimekuwa ugomvi. Anakunywa aspirini na klopidogreli za kuzuia damu kuganda (zilisimamishwa alipovuja damu, zikarudishwa moja moja), levetirasetamu ya kifafa, omeprazoli ya tumbo, na za presha. Mpwa wake anayeuza duka la dawa anasema mtu aliyevuja damu kichwani hapewi dawa za kulainisha damu, niziache zote mbili.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Shemeji anataka upande wa kulia nao ufunguliwe kabla ya mwaka kwisha. Pesa anayo, na anasema hatakaa Muscat akisubiri simu ya msiba. Binti yangu anasema baba yake hapandi ndege tena. Wote wananiambia mimi ndiye mke, mimi ndiye nitakayesaini. Mzee mwenyewe akisikia neno India ananishika mkono na kutikisa kichwa. Lakini kichwa hicho hicho anakitikisa nikimpa chakula, halafu anakila chote. Kwa hiyo hakuna anayekihesabu kichwa chake.

Nisaini au nikatae? Na jingine naona aibu kuliuliza. Namkumbuka mume wangu, naye yuko hapo kitandani pembeni yangu. Ni dhambi?

Mama wa Tanga

MAJIBU

Waalaykum salaam, dada yangu wa Tanga.

Barua yako nimeisoma jioni, nikairudia asubuhi. Kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa kiharusi, kwa hiyo nitakujibu kama muuguzi na kama mwanamke mwenzako. Si daktari wa mishipa ya damu, na yapo mambo humu ambayo nitakuomba uyapeleke kwake.

Ninavyokuelewa, umewekwa katikati. Shemeji anaogopa kiharusi kijacho, binti anaogopa yale aliyoyaona kwa baba yake, wifi anatafuta wa kulaumiwa, na kalamu wamekupa wewe. Nawe hujapata hata nafasi ya kuelewa vizuri ni nini kilichompata mzee wako. Nianzie hapo, maana nahisi hilo limeachwa nyuma katika mabishano yote haya.

Ile kauli ya daktari ilikuwa kweli, ila ilikatwa fupi mno. Mshipa ukibana kwa miaka, damu inafika kidogo kidogo. Vile vimishipa vidogo ndani ya ubongo vinatanuka muda wote ili vipate hicho kidogo, na vikikaa hivyo muda mrefu vinasahau kujibana. Ni kama mpira wa maji wa zamani uliozoea bomba linalodondosha matone: siku fundi akizibua bomba, maji yanakuja kwa kasi yake halali kabisa, lakini mpira umelegea, unavimba na kuchuruzika. Stenti ilifanya kazi yake. Ubongo nyuma yake haukuwa tayari, na presha ilipopanda juu ya 200 nguvu ikazidi. Dalili zake ni zile ulizoziona: kichwa kuuma upande uleule uliofunguliwa, mara nyingi juu ya jicho, kutapika, kifafa, na kwa wachache damu kuvuja. Hutokea zaidi siku za mwanzo, na tahadhari huendelea kwa takriban mwezi mmoja. Wanaopatwa ni wachache, katika tafiti nyingi mmoja hadi watatu hivi kati ya wagonjwa mia. Walio hatarini zaidi ni wale ambao mshipa ulibana sana, upande wa pili nao una hitilafu, na presha haitulii. Mzee wako alikuwa nayo yote matatu.

Nakueleza haya kwa sababu wifi amekutwisha neno "kuharibiwa". Hali hii huweza kutokea hata pale ambapo kila kitu kimefanywa sawasawa. Hapohapo, una haki ya kuuliza maswali ya kweli. Mliruhusiwa na presha ya ngapi? Mlipewa maagizo gani ya kuipima pale nyumba ya wageni? Kwa nini maumivu ya kichwa ya mtu aliyetoka kuwekewa stenti ya shingo yaliitwa uchovu? Maswali hayo ni ya hospitali kuyajibu. Wewe uliona, ukapiga simu, ukampeleka usiku. Sioni mahali ulipomharibu mtu.

Sasa Alhamdu na Yasini. Hapa naomba wifi asomewe sehemu hii, kwa upole. Ugonjwa wa hospitali hubagua maneno, na hubagua hivyo hivyo alivyoona. Kwa watu wengi upande wa kushoto wa ubongo ndio unaotunga lugha: kutafuta jina la kitu, kulipanga kwenye sentensi, kulitoa mdomoni. Ndipo palipoumia kwa mzee. Lakini yale ambayo mtu ameyasoma tangu chuoni akiwa mtoto, akayarudia maelfu ya mara, hayatungwi upya kila anapoyasema. Yanatoka kwa njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi husalimika. Wodini nimewaona wasioweza kuomba chumvi wakiimba tenzi za kanisani kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, wakihesabu moja hadi kumi, wakijibu "marahaba" papo hapo. Hali hii inaitwa afasia. Haina uhusiano na mkono wa mtu.

Tena kilichosalimika kinaweza kutumika kama mlango. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno nchini kwetu, na sitakudanganya kwamba utampata mmoja kwa urahisi, ingawa inafaa kuulizia hospitali kubwa za Dar es Salaam. Ila nyumbani unaweza kuanza na salamu, siku za juma, majina ya sala tano, kisha ukaacha neno la mwisho alimalizie yeye. Akisema "funguo" akitaka maji, mwonyeshe glasi na funguo pamoja, achague kwa mkono, halafu wewe ulitaje neno taratibu bila kumlazimisha alirudie. Mfikirie pia akienda dukani kwake asubuhi kwa muda wa saa moja tu, akae, asalimiwe na mafundi anaowajua, achambue misumari ya inchi mbili na ya inchi tatu. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kasi, lakini lugha huendelea kurudi kidogo kidogo hata baada ya mwaka, kwa hiyo miezi saba si mwisho wa safari.

Nije kwenye lile ninaloomba mlifikirie upya nyote. Umeniuliza usaini au ukatae. Swali hilo limeshakubali kwamba yeye hawezi kuamua. Je, kuna aliyelipima hilo? Kupoteza maneno na kupoteza akili ni vitu viwili. Mtu mwenye afasia anaweza kuelewa zaidi ya anavyoweza kusema, na "ndiyo" na "hapana" ni miongoni mwa vitu vinavyochanganyika kirahisi sana. Kichwa kinakwenda upande ambao moyo haukukusudia. Kwa hiyo mko sawa kwamba kutikisa kichwa peke yake hakutoshi. Lakini hamuwezi kutoka hapo mkasema hana neno la kusema. Mtu anayekushika mkono kila anaposikia India anasema jambo fulani. Huenda anakataa matibabu. Huenda anaogopa ile nyumba ya wageni. Huenda anakumbuka maumivu ya usiku ule na hajui kwamba kuna njia nyingine isiyohitaji ndege.

Jaribu hivi. Chagua asubuhi, akiwa amelala vizuri, redio imezimwa, muwe wawili. Chora shingo kwenye karatasi, mishipa miwili. Mwonyeshe wa kushoto, mguse palepale penye stenti: huu umefunguliwa. Mwonyeshe wa kulia: huu umebana. Halafu karatasi tatu: moja ina vidonge, moja ina hospitali, moja ina alama ya kuuliza kwa maana ya "sijui bado". Sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, umpe nafasi ndefu kuliko unavyodhani anahitaji. Siku nyingine uliza tena huku umebadilisha mpangilio wa karatasi. Akichagua kilekile mara kwa mara, hayo ni maoni yake, na hata daktari anapaswa kuyasikia. Mwombe daktari naye ampime kama anaelewa, kwa njia hiyo hiyo, na aandike. Ikionekana kweli hawezi kulishika jambo hili, hapo ndipo familia inaingia, na hata hapo kazi yenu ni kujiuliza yeye angetaka nini. Mtu aliyekuwa na hesabu kichwani, angelipimaje hili?

Kwa hiyo na sisi tulipime.

Kitu cha kwanza ni ile asilimia 70. Ilipimwa lini? Kama ni kabla ya stenti, haina uhakika tena. Upande mmoja ukibana sana, upande wa pili hubeba damu ya ziada, mwendo wake unaongezeka, na kipimo cha Dopla, kile cha mawimbi ya sauti, hukisia ubanaji kwa kuangalia mwendo huo. Ndiyo maana mshipa wa pili wakati mwingine huonekana umebana kuliko ulivyo, na upande wa kwanza ukishafunguliwa namba hushuka. Si lazima ishuke kwake. Lakini kubishana juu ya tiketi kwa namba ya zamani ni kubishana gizani, na Dopla ya shingo haihitaji kuvuka bahari.

Kitu cha pili: mshipa wa kulia, kwa ulivyonieleza, haujamletea dalili yoyote. Jicho la kushoto, maneno, mkono wa kulia, vyote hivyo vilikuwa vya mshipa wa kushoto. Mshipa wenye dalili unamkimbiza daktari, na faida ya kuufungua ni kubwa ikifanyika mapema. Usio na dalili unampa mtu muda wa kufikiri. Utafiti mkubwa unaoitwa ACST-2, uliotoa matokeo mwaka 2021, uliwafuata zaidi ya watu 3,600 wa aina hii, wengine wakawekewa stenti na wengine wakapasuliwa shingo. Tiba yenyewe ilimwua au kumlemaza kwa kiharusi takriban mmoja kati ya mia, na wengine wawili hivi kati ya mia wakapata kiharusi kidogo. Hizo ni hatari ndogo, na shemeji akizitaja hatakuwa amekosea. Ila ni wastani wa watu wengi. Mzee wako anakwenda na ubongo uliokwisha kuvuja damu na presha iliyokwisha kuasi. Mwulizeni daktari hesabu ya mtu huyo.

Upasuaji wa kukwangua mafuta mshipani nao upo, na haukosi gharama. Katika utafiti wa CREST wa Marekani na Kanada, uliokuwa na wagonjwa 2,502 na kuchapishwa mwaka 2010, waliopata kiharusi ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 4.1 kwa stenti na 2.3 kwa upasuaji. Mshtuko wa moyo ukawa kinyume chake, asilimia 1.1 kwa stenti na 2.3 kwa upasuaji. Na kadiri umri ulivyopita miaka 70 ndivyo stenti ilivyozidi kuachwa nyuma. Kwa moyo wa mzee wako, waliochagua stenti hawakukosa sababu. Kumbukeni tu kwamba ubongo kuzidiwa na damu hutokea hata baada ya upasuaji.

Njia ya tatu ni dawa peke yake: presha itulie, mafuta ya damu yashushwe kwa statini (sijaiona kwenye orodha yako, uliza), dawa ya kuzuia damu kuganda, sigara isirudi, na shingo ipimwe tena baada ya miezi kadhaa. Dawa za leo zimepunguza sana viharusi kwa watu wasio na dalili. Lakini sitakwambia njia hii haina hatari. Ikitokea kiharusi upande wa kulia, kitampata mtu ambaye upande wa kushoto umeshaumia, na hapo hata kumeza na kutembea vinaweza kuondoka. Hofu ya shemeji ina msingi. Ya binti yako pia. Wakijua kwamba unaziheshimu zote mbili, huenda wakapunguza kukuvuta.

Kuhusu dawa nitasema wazi zaidi: usiziache kwa neno la mpwa. Hoja yake si ya kipuuzi, ndiyo maana madaktari walizisimamisha kwanza. Lakini stenti ni waya mgeni ndani ya mshipa, na damu ikiganda juu yake mshipa unaweza kuziba ghafla. Wagonjwa wengi hutumia aspirini na klopidogreli pamoja kwa angalau wiki nne, kisha hubaki na moja kwa muda mrefu. Yeye yuko mwezi wa saba, naye amewahi kuvuja damu, kwa hiyo kuuliza "bado anahitaji zote mbili?" ni swali zuri sana. Liulize kwa aliyeandika dawa, na umtajie omeprazoli, kwa sababu inaweza kupunguza nguvu ya klopidogreli na zipo dawa nyingine za tumbo za kuzungumzia. Mtajie pia bakuli la uji. Levetirasetamu inajulikana kuwaletea baadhi ya watu hasira ambazo si zao. Inawezekana unagombana na kidonge. Usikisimamishe ghafla nyumbani, maana kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa.

Na kulia kwake mwelezee daktari vilevile. Kuna kilio kinachotoka chenyewe baada ya ubongo kuumia, hata pasipo huzuni, na kuna sonona ya kweli, inayowapata karibu theluthi moja ya watu waliopata kiharusi. Vyote viwili vina matibabu, na sonona ikitulia hata maneno huwa mepesi kujaribiwa.

Wakati haya yote yakiendelea, kaa na mashine ya presha nyumbani na daftari la kuandikia. Uso ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu, maneno yakipungua ghafla kuliko ya jana, kichwa kikiuma kwa namna isiyo ya kawaida, au akakakamaa, ni hospitali saa hiyo hiyo, bila kupiga simu Muscat kwanza.

Shemeji ningemwandikia ujumbe badala ya kubishana naye kwa simu. Mshukuru, kwa sababu bila yeye mshipa wa kushoto usingefunguliwa na pengine leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Mwombe sehemu ya ile pesa igharimie kwanza kipimo kipya cha shingo na daktari wa pili, asiye na faida yoyote kwa tiketi kukatwa wala kutokatwa. Nenda na karatasi zote za India na ile diski ya picha. Maoni hayo yakirudi mezani, kila mtu awepo, mzee akiwa wa kwanza, akikaa kwenye kiti chake na karatasi zake tatu. Uamuzi mtakaoufikia hapo siujui, wala sitajaribu kuukisia.

Umebakiza swali lako la aibu. Dada yangu, unamlilia mtu ambaye unamvisha shati kila asubuhi, na hakuna tanga linaloandaliwa kwa msiba wa namna hiyo. Hakuna anayekuja kukupa pole, kwa sababu mume yupo. Sioni dhambi hapo. Ninachoona ni mke aliyekuwa na mtu wa kuzungumza naye usiku, sasa hana. Mwambie binti yako maneno haya haya uliyoniandikia, huenda naye anamkumbuka baba yake na anaona aibu. Waombe wanawe wagawane siku, hata jioni mbili kwa wiki, utoke, ukae na wenzio bila kueleza hali ya mgonjwa. Kisha nikuulize na mimi swali moja ambalo halimo katika barua yako yote: presha yako wewe ilipimwa lini mara ya mwisho?